Jifunzeni Kuchuchumaa

Wahitimu mliopendeza ndani ya majoho: hongereni sana!

Wenzangu wa makamo mnakumbuka filamu za Kihindi. Tulitoka ukumbini tukiimba nyimbo ambazo maana yake hatukuijua. Leo siimbi. Nawaletea mwigizaji mmoja tu, Shabana Azmi.

Baba yake, Kaifi Azmi, alikuwa mshairi. Mama yake, Shaukat, mwigizaji wa jukwaani. Alipomaliza shule, binti huyu aliuza kahawa kwenye vituo vya mafuta kwa rupia 30 kwa siku, akaja kumkabidhi mama yake fedha zote. Baadaye akasoma saikolojia, kisha uigizaji katika chuo cha filamu cha Pune, akatoka na medali ya dhahabu.

Mwaka 1974 ikatoka filamu yake ya kwanza, Ankur, iliyoongozwa na Shyam Benegal. Humo yeye ni Lakshmi, mtumishi maskini wa kijijini. Sasa sikieni: medali anayo, kuchuchumaa hajui! Mtoto wa mjini, kazoea viti. Ikabidi ajifunze upya kuvaa sari ya kijijini, kutembea nayo, na kuchuchumaa mpaka magoti yazoee. Filamu hiyo ikampa Tuzo ya Taifa ya mwigizaji bora wa kike. Akaja kuongeza nne, tatu kati yake mfululizo: Arth, Khandhar na Paar. Katika Paar, yeye na mwigizaji mwenzake Naseeruddin Shah wanaogelea wakivusha kundi la nguruwe mtoni ili wapate nauli ya kurudi kwao. Ukitazama unamsahau Shabana. Unamwona mjamzito anayehofia kilichomo tumboni mwake.

Na magoti yale hayakusahau. Mwaka 1986, wakazi wa mabanda ya Bombay walipobomolewa makazi yao, aliketi chini pamoja nao, akagoma kula siku tano.

Wanangu, cheti mlichopokea kitawapa kiti. Kikalieni, mmekitolea jasho. Lakini mbele ya kila kiti kuna mtu aliyekaa chini: mgonjwa kwenye foleni, mkulima mwenye fomu asiyoweza kuisoma, mama anayeuliza mtoto wake kafeli wapi. Msimsemeshe kutoka juu. Chuchumaeni kwanza, mwone anachokiona.

Najua joho ni refu. Lipandisheni kidogo, mtaweza.