Mwenyeji ni Nani? Ukaribisho wa Mshereheshaji katika Hafla ya Arusi



Fasihi simulizi tuliyozoea kuifundisha ni ile ya ngano, methali na nyimbo za jando. Jioni hii naomba tuingie ukumbini, Jumamosi usiku, katika mji kama Dar es Salaam au Morogoro, tumsikilize mwenye kipaza sauti. Jina lake ni mshereheshaji. Utani wa mjini umezichukua herufi M na C za cheo chake cha Kiingereza na kuzifasiri "Msema Chochote". Utani huo haumtendei haki. Neno sherehe lina maana ya shamrashamra, na pia ya ufafanuzi wa maneno magumu, kama tuukutao mwishoni mwa diwani za washairi wetu. Mshereheshaji hodari huchangamsha, na papo hapo hueleza nani ni nani.

Ugumu wa kazi yake umo katika neno "karibuni". Kwa desturi, mgeni hupiga hodi na mwenyeji huitikia karibu. Katika arusi ya mjini mpango huo umepinduka. Waalikwa wengi walipokea kadi za mchango miezi kadhaa kabla, wakalipa, na baadhi yao wakahudhuria vikao vya kamati. Ukumbi, chakula na matarumbeta ni fedha yao. Anayewakaribisha ni mtu wa kukodiwa, ambaye pengine hakuwahi kuwaona maharusi kabla ya wiki ile. Hivyo mgeni ndiye asemaye karibuni, na wenyeji ndio waambiwao!

Sarufi humwokoa. Huanza na "kwa niaba ya wazazi wa pande zote mbili, tunawakaribisha"; baada ya dakika chache husema "leo tumepata mkwe". Kiambishi tu- cha kwanza kinawaweka wasikilizaji nje. Cha pili kinawaingiza. Kiswahili hakina viambishi viwili vya kuzitenga "sisi" hizo, naye huvuka bila mtu kuona mpaka.

Aghalabu huharibu anapokimbilia "itifaki imezingatiwa". Kauli hii ya mikutano ya viongozi huokoa muda wa kutaja vyeo. Lakini ukoo si orodha ya vyeo. Mkuu wa wilaya asipotajwa hapungukiwi na kitu. Shangazi aliyesafiri kutoka kijijini, aliyemfunda bibi arusi, hupungukiwa, kwa maana kutajwa kwake mbele ya wakwe ndiko kunakowajulisha nani wa kuitwa siku nyumba itakapoingia ugomvi.

Ushahidi wa haya tunao majumbani. Arusi nyingi za mijini za miaka ya 1990 zilirekodiwa katika mikanda ya video, ambayo sasa inafifia makabatini, na mashine za kuichezea zimekuwa adimu. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada waanzie katika makabati ya shangazi zao.