Kuponya na Kugeuza



Siku moja baada ya ibada mama mmoja alitujia. Mtoto wake ana ugonjwa wa selimundu, ule ambao chembe za damu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa, na mtoto akalia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Watu wa magharibi mwa Kenya na wa Pwani waujua sana. Mama huyo alikuwa amesikia ya kwamba mwezi wa Novemba 2023 Uingereza iliruhusu tiba iitwayo Casgevy, ambayo hurekebisha jeni katika chembe za mgonjwa mwenyewe. Akatuuliza, "Mchungaji, hiyo si kusahihisha kazi ya Mungu?"

Tulimjibu upesi ya kwamba si dhambi. Yule kipofu wa Yohana sura ya 9 alizaliwa hivyo, wala Bwana Yesu hakumwacha hivyo.

Lakini liko jambo jingine, ndugu zetu. Mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza ya kwamba amebadilisha jeni za watoto mapacha kabla hawajaingia tumboni mwa mama yao, ili virusi vya Ukimwi visiwapate. Mapacha hao hawakuwa wagonjwa. Tena badiliko la namna hiyo laweza kurithiwa na wana na wajukuu, ambao hakuna aliyewauliza. Mwaka 2019 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 3. Hata hivyo tusiwe wepesi kumrushia mawe. Leo ni kinga ya ugonjwa. Kesho mzazi ataomba urefu, akili, rangi ya ngozi. Na sisi tunaojichubua kwa mafuta ya dukani, tutamwambia nini?

Hayo yote tulimweleza mama yule, naye akasikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Ni pesa ngapi?"

Huko Marekani bei ya tiba hiyo ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tulipomwambia, akanyamaza, akamfunga mtoto mgongoni. Tulikuwa tumejiandaa kumtetea Mungu, kumbe tulihitajiwa kumtetea mtoto.

Juma lile tulifuatana naye hadi kliniki. Daktari akampa mtoto haidroksiyurea, dawa ya zamani ambayo hupunguza maumivu. Hata hiyo hununuliwa kila mwezi, na sasa kapu la sadaka ya wagonjwa limewekwa mlangoni mwa kanisa.

Na tuombe.