Mabasi ya Dar es Salaam na Bonde la Msimbazi

Katika nchi jirani ya Tanzania, jiji la Dar es Salaam lilianzisha treni za abiria wa mjini mwaka 2012. Mwezi Mei 2016 yakafuata mabasi 140 ya mwendo kasi, yaliyojengewa njia yao wenyewe yenye urefu wa kilomita 21 hivi. Hizo ni hatua za kupongezwa.

Lakini karakana ya mabasi hayo iliwekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi lijulikanalo kwa mafuriko. Mwaka 2018 maji yaliingia humo yakaharibu mabasi. Ni kamanda gani awezaye kuegesha magari ya kikosi chake mkondoni mwa mto? Basi likiharibika, anayeumia ni mfanyakazi wa Kimara aliyeamka alfajiri. Mradi wa bonde hilo, ulioidhinishwa mwaka 2022, umekusudia kuihamisha karakana.