Kiti cha Baraza ni cha Nani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wandugu, Likasi)



Tumeombwa kusema juu ya mjumbe wa baraza. Sisi makarani wa mgodi tunaandika majina kila siku, na tunajua kwamba jina kuandikwa katika buku si mshahara kuingia mkononi. Kiti cha baraza ni vile vile. Mtu akikalishwa humo, tusipige makofi upesi. Tuulize kwanza maswali matatu: Nani amemchagua? Sauti yake yaweza kuzuia nini? Na nani hakuitwa?

Tuanze mbali, Marekani. Mwezi wa Julai 1619, Waingereza waliohamia Virginia walikutana kanisani Jamestown. Wajumbe waliochaguliwa walikuwa 22, kutoka makao 11. Walitunga sheria, lakini gavana aliweza kuzikataa, na aliweza kulivunja baraza lenyewe. Mwaka 1774 Gavana Dunmore alilivunja. Wajumbe hawakurudi nyumbani kulala: walikwenda kukutana katika nyumba ya pombe iliyo karibu, wakaendelea na shauri lao. Mwaka 1776 makoloni yale yalitangaza uhuru.

Tungeweza kuwasifu na kuishia hapo, lakini swali la tatu linatukamata. Agosti ile ile ya 1619, majuma machache baada ya kikao cha kwanza, merikebu ilishusha pwani ya Virginia Waafrika ishirini na zaidi, waliotekwa upande wa Angola, jirani zetu. Hao hakuna aliyewaita barazani. Na mwaka 1662 baraza hilo hilo liliandika sheria kwamba mtoto afuate hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa. Watu waliopigania sauti yao waliitumia sauti hiyo kuwafunga wengine.

Sasa turudi kwetu. Tangu 1908 sheria za Kongo zilitoka Bruxelles, kwa amri ya mfalme. Baraza la Kikoloni huko lilikuwa na waziri na wajumbe 14: 8 waliwekwa na mfalme, 6 na Bunge la Ubelgiji. Hata mmoja hakuchaguliwa na Mkongomani. Desemba 1941 wafanyakazi wa migodi ya Katanga waligoma kwa ajili ya mshahara. Hawakuwa na mjumbe wa kuwasemea, na huko Elisabethville walijibiwa kwa risasi.

Ikafika Desemba 1957. Mji wetu, ukiitwa bado Jadotville, ulipiga kura pamoja na Léopoldville na Elisabethville kuchagua washauri wa komini. Walioitwa ni wanaume wa miaka 25 na zaidi. Wamama hawakuitwa. Wakapatikana mabugumestri Waafrika, na watu wakafurahi. Lakini juu yao aliwekwa bugumestri wa kwanza, Mbelgiji aliyeteuliwa na serikali, na sheria ziliendelea kutoka Bruxelles.

Mwezi huo huo, Tanganyika, Julius Nyerere alijiuzulu katika Baraza la Kutunga Sheria. Gavana ndiye aliyemteua mwaka ule, na mapendekezo yake yalikuwa yamekataliwa. Aliona kiti kile hakina nguvu, akakiacha. Mwaka 1958 alirudi kwa kura.

Sisi Katanga tulifanya nini? Hapa ndipo penye jeraha, wandugu. Mabugumestri wanne Waafrika wa Elisabethville wote walikuwa wenye asili ya nje ya Katanga. Badala ya kuuliza kwa nini kiti hakina nguvu, tuliulizana aliyekikalia ametoka wapi. Oktoba 1958 ikaundwa Conakat, kutetea waliojiita wenyeji. Maneno hayo ya mwenyeji na mgeni hayakuondoka na Wabelgiji. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa hapa Likasi. Familia zililala kwenye stesheni ya treni zikingoja mabehewa, na wengine walifia pale pale. Wengi walizaliwa katika mji huu. Baba zao walichimba shaba pamoja na baba zetu. Sisi wengine tulikuwa watoto wa mgongoni, lakini stesheni ile tunaipita kila siku.

Basi, siku mtu atakapokuja Kikula, Panda au Shituru kuomba kura, msimuulize kabila lake. Muulizeni atazuia nini tukimpeleka, na atarudi lini kutupa hesabu. Kisha tazameni pembeni: nani hakuitwa katika mkutano huu? Mkamwite. Baraza linalomwacha nje jirani leo, kesho litatuacha nje sisi.