Gumzo la WhatsApp Ndani ya Barua Pepe

Simu ikiibwa Kariakoo, makubaliano ya bei ya mzigo yaliyoandikwa humo huenda nayo. Mfanyabiashara mwangalifu hujitumia nakala mapema: hufungua gumzo la WhatsApp, huingia kwenye menyu, huchagua kuhamisha gumzo, kisha hugusa programu yake ya barua pepe. Hupata faili la maandishi matupu lenye tarehe, saa na jina la kila aliyeandika.

Picha na sauti? Huweza kuambatishwa, ila kiambatisho cha Gmail hakizidi MB 25, na sauti ndefu za shangazi huzimaliza upesi!

Faili hilo halirudishwi ndani ya WhatsApp. Ni la kusoma tu. Tena, likishatoka halina ule usimbaji wa WhatsApp unaoficha ujumbe. Msikilizaji, weka nywila imara kwenye barua pepe yako.