Mabomba ya Gesi Yajulikane Yalipo Kabla Sururu Haijapigwa



Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na Mnazi Bay mwaka 1982. Ilipita miaka 30 kabla gesi ya Songo Songo haijafika Dar es Salaam, mwaka 2004, kuendesha mitambo ya umeme. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba kubwa kutoka Mtwara, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500. Leo gesi hiyo inaendesha viwanda, na ziko nyumba katika Dar es Salaam, Mtwara na Lindi zinazopikia gesi inayofika jikoni kwa bomba.

Hayo ni mafanikio ya Taifa. Lakini sehemu kubwa ya mali hiyo imezikwa ardhini na haionekani kwa macho. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la bomba ni ramani yake. Bomba la maji likikatwa kwa sababu ramani ilikosewa, mtaa hukosa maji siku mbili. Likikatwa bomba la gesi, watu hufa.

Mfano mmoja unatoka Ubelgiji. Tarehe 30 Julai 2004, bomba la gesi lenye mgandamizo mkubwa lililipuka Ghislenghien, katika eneo la viwanda. Watu 24 walipoteza maisha, miongoni mwao wazimamoto waliokuwa wamefika baada ya taarifa ya kuvuja, na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Ilibainika kwamba mtambo wa ujenzi ulikuwa umelikwangua bomba hilo kabla ya siku ya msiba. Jeraha lilikaa kimya ardhini, hata mgandamizo wa gesi ulipoongezwa likapasuka.

Mfano wa pili ni wa San Bruno, katika jimbo la California, Marekani. Tarehe 9 Septemba 2010 bomba lililolazwa mwaka 1956 lilipasuka chini ya mtaa wa makazi. Watu wanane walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Kumbukumbu za kampuni zilieleza kwamba sehemu hiyo ya bomba haikuwa na mshono, kumbe ilikuwa imeungwa kwa vipande vyenye mishono mibovu. Hapa mahali pa bomba palijulikana, lakini maelezo yake yalikuwa ya uongo. Basi ramani nzuri haionyeshi mstari tu. Hueleza pia kitu kilicholala chini ya mstari huo: kimetengenezwa kwa nini, kina upana gani, kiko kina gani, na kilizikwa mwaka gani.

Je, utaalamu wa kulipata bomba lililokwisha kuzikwa upo? Upo, wa namna mbalimbali, na kila namna ina mipaka yake.

Bomba la chuma hutafutwa kwa umeme. Mkondo hafifu hupitishwa katika bomba, nao hufanya uga wa sumaku kulizunguka. Mpimaji anayetembea juu ya ardhi na kifaa chake huutambua uga huo, akajua njia ya bomba na kukadiria kina chake. Lakini mabomba mengi ya kusambaza gesi mijini ni ya plastiki, na plastiki haipitishi umeme. Ndiyo maana fundi mwangalifu hulaza waya wa shaba sambamba na bomba hilo. Waya huo ukisahaulika au ukikatika, kifaa huwa kiziwi.

Iko pia rada ya ardhini, inayopeleka mawimbi ya redio chini na kusikiliza mwangwi wake. Hiyo huweza kuona hata plastiki. Hata hivyo, udongo wa mfinyanzi wenye maji, na ardhi yenye chumvi, huyameza mawimbi hayo. Watu wa pwani hawana budi kulikumbuka jambo hilo kabla ya kununua mitambo kwa kusifiwa tu.

Kwa mabomba makubwa ya masafa marefu, chombo maalumu husukumwa ndani ya bomba na gesi yenyewe. Kikiwa safarini huandika kila kona, kila mteremko na kila umbali, na mwishoni njia nzima huchorwa na kusahihishwa kwa alama zilizopimwa juu ya ardhi.

Lakini njia iliyo sahihi kuliko zote ndiyo iliyo nyepesi kuliko zote: kulipima bomba siku linapolazwa, mtaro ukiwa bado wazi. Kwa vipokezi vya setilaiti vya leo, mpima ardhi huweza kuandika mahali pa kila kiungo kwa kosa la sentimita chache. Mtaro ukishafukiwa, kazi ya saa moja hugeuka kuwa utafiti wa miaka.

Hata vipimo vyema huweza kuharibiwa mezani. Ramani nyingi za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, hali vipokezi vya setilaiti hutumia msingi mwingine, WGS 84. Namba zile zile za latitudo na longitudo, zikisomwa kwa msingi usio wake, huhamisha mahali kwa karibu mita 300. Hapo bomba la barabara moja huonekana kuwa liko mtaa wa pili. Namba isiyotaja msingi wake ni mtego.

Wengine wamekwisha kuligeuza jambo hili kuwa sheria. Katika kanuni zilizoanza kutumika Ufaransa mwaka 2012, ramani za mabomba na nyaya zimepangwa kwa madaraja matatu ya usahihi. Daraja la kwanza haliruhusu kosa linalozidi sentimita 40 kwa bomba gumu, wala sentimita 50 kwa lile linalopindika. Nchini Marekani, tangu mwaka 2007 kila anayetaka kuchimba hupiga simu namba moja, 811, nchi nzima, ili wenye mabomba waje kuweka alama.

Mafunzo ni wazi. Mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho kabla hajakabidhi vipimo vilivyochukuliwa mtaro ukiwa wazi. Idara za maji, umeme, simu, barabara na gesi zisifungiane makabati, kwa maana ardhi wanayoichimba ni moja. Na palipo na shaka, shimo la majaribio lichimbwe kwa mkono, kwa uangalifu, kabla katapila halijawashwa.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi anayefundishwa kusoma ramani, kipimio chake na tarehe yake, ndiye karani, fundi na diwani wa kesho.

Mtumishi anayeweka sahihi katika kibali cha kuchimba bila kuuliza kilichopo chini anahatarisha maisha ya mtu asiyemjua, mwenye sururu mkononi. Kuuliza hakugharimu kitu. Ramani na iulizwe kwanza, sahihi ifuate.