Nyumba ya Waangalizi Watatu
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama, Nkunga)



 Twapenda kusema machache juu ya jambo lituhusulo sisi tukaao katika meza za serikali: yaani, huwaje maradhi yaingiapo katika nchi ambayo serikali yake ni ya muda tu, tena imegawanyika? Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa maana wilaya yetu ya Rungwe ilikwisha kuyaonja hayo.

Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalivuka mpaka, yakautwaa mji wa Tukuyu, ambao Wadachi waliuita Neu Langenburg. Septemba mwaka ule ule Wabelgiji wakaingia Tabora. Januari 1917 Bwana Horace Byatt akaanza kutawala sehemu za kaskazini kutoka Lushoto, hali kusini magharibi ikiwa bado mikononi mwa Northey na maofisa wake. Basi nchi moja ikawa na waangalizi watatu, wala hapana hata mmoja aliyejua kwa yakini kama nchi ingekuwa yake vita vikiisha. Baadaye sehemu zetu zilitiwa chini ya Byatt, lakini Wabelgiji walikaa Kigoma na Ujiji mpaka Machi 1921. Wahenga walisema: Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Katika hali hiyo, mwishoni mwa 1918, yakaja yale mafua makali yaliyoizunguka dunia. Yalipanda kutoka kusini pamoja na askari, wapagazi, na watu warudio makwao. Siku zile zile Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa amepita Songea na Njombe, akaingia Rodesia ya Kaskazini, naye hakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba, huko Abercorn, ambako leo ni Mbala. Macho ya wakubwa yalikuwa juu ya jeshi lake. Wamisionari wa Kidachi, waliokuwa wakigawa dawa, walikwisha kuondolewa tangu vita vilipofika hapa. Tena ulikuwa wakati wa mvua za kwanza. Mtu alalaye kitandani halimi, na asiyelima hana la kuvuna.

Je, walikufa wangapi? Makisio yaliyotolewa baadaye kwa Tanganyika ni kati ya watu 50,000 na 80,000. Tafadhalini, mabwana, itazameni hesabu hiyo kwa jicho la karani. Tofauti yake ni watu 30,000. Kama karani wa fedha angeleta daftari lenye tofauti ya namna hiyo, angefukuzwa siku ile ile. Lakini hawa walikuwa baba na mama za watu, na hapana ajuaye kama wahesabiwe au wasihesabiwe.

Wala tusidhani kwamba mambo hayo yamekwisha. Januari 2025 mji wa Goma, katika Kongo, ulitwaliwa na jeshi la M23, na wagonjwa wa mpox waliokuwa wametengwa wakatawanyika kati ya watu. Maradhi hayaulizi bendera gani inapepea.

Basi sisi tufanye nini? Hatuwezi kuwapatanisha wakubwa. Lakini yako matatu yaliyo katika uwezo wetu. La kwanza, kila kifo kiandikwe siku ile ile, pamoja na jina na kijiji, hata kama hapana aliyetuagiza. La pili, habari ya maradhi ipelekwe upesi katika ofisi ya jirani, ijapokuwa jirani huyo yu chini ya mkubwa mwingine. La tatu, ofisi ikabidhiwapo kwa wageni, daftari la wagonjwa litolewe kabla ya funguo za sefu.

Serikali za muda huja na kuondoka. Karani mara nyingi hubaki pale pale mezani. Kwa hiyo asiseme, “Nangoja mwenye nyumba,” hali moto umekwisha kushika paa.